Pete ya mfuko mdogo: tuite kila jiwe kwa jina lake

Mwanzoni mwa mwaka huu nilipoteza dola hamsini kwa sababu ya neno moja. Neno lenyewe ni «almasi», ama «diama» kama tunavyosema hapa Lubumbashi. Nilikuwa natafuta pete ya uchumba. Akiba yangu ilikuwa dola mia mbili na hamsini, nilizozipata kwa kuwachapia wenzangu kazi zao za mwisho wa masomo na kuwafundisha watoto wa jirani Kifaransa jioni. Dukani kwa sonara mmoja wa mjini niliona pete ya dhahabu yenye kijiwe kidogo kuliko punje ya mtama. Bei yake ilikuwa mara tatu ya akiba yangu. Nilitoka kimya.

Siku chache baadaye rafiki alinipeleka kwa mtu mwenye mawe mfukoni. Alikunjua kikaratasi, akanionyesha jiwe jeupe lenye ukungu, akasema ni almasi ya Mbuji-Mayi, karati moja na kitu, dola mia nne kwa mwingine lakini kwangu mwanafunzi mia mbili. Kisha akachukua kipande cha kioo, akakikwaruza kwa lile jiwe. Kioo kikachubuka. «Umeona? Ni diama.» Nilitoa hamsini kama rehani ili aniwekee.

Jioni nilimweleza mwenzangu anayesoma jiolojia. Alicheka, kisha akanihurumia. Kioo kina ugumu wa kama 5 na nusu katika kipimo cha Mohs, akasema, na kwazi, ambayo imejaa katika mchanga wa kila mto, ina 7. Kwa hiyo hata kwazi hukwaruza kioo. Almasi ina 10, lakini jaribio la kioo haliwezi kuzitenga hizo mbili. Kesho yake tulikwenda wote wawili, yeye na mzani wake mdogo na kikombe cha maji. Almasi ina uzito wa gramu 3.52 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na kwazi 2.65. Jiwe letu lilikuwa kwazi. Mwenye mawe alikasirika, akasema hajapata kusema neno «garanti», na dola zangu hamsini hazikurudi.

Siandiki ili nihurumiwe. Ninaandika kwa sababu tangu siku ile nimezungumza na wenzangu wengi wa fakulte wanaotaka kuvalisha pete, nami nimeona kwamba tunadanganywa, na kujidanganya sisi wenyewe, kwa njia ya maneno. Sisi ndio watu wa lugha. Kama kuna mahali ambapo maneno haya yangepaswa kusafishwa, ni hapa. Maoni yangu ni haya: mwenye mfuko mdogo asianze kwa kuuliza bei. Aanze kwa kuuliza jina la kitu anachouziwa, na sisi tumpe majina ya kuuliza.

Tuanze na neno lenyewe. «Almasi» limetujia kutoka Kiarabu, nacho kilipata kutoka Kigiriki, adamas, yaani kisichoshindika. Kifaransa «diamant» kimetoka katika neno lilelile la Kigiriki kwa kupitia Kilatini. Kwa hiyo anayesema «almasi» na anayesema «diama» wanatumia watoto wawili wa mama mmoja, mmoja akiwa amepita upande wa Waarabu na mwingine upande wa Wazungu. Wenzetu wa Tanzania, wenye mgodi wao wa Mwadui tangu 1940, husema almasi bila kusita. Sisi tunatumia yote mawili, na hapo hapana ubaya.

Ubaya unaanza na «karati». Neno hili lina maana mbili, nao wauzaji wanajua. Kwa jiwe, karati ni uzito: gramu 0.2, kipimo kilichokubaliwa na mataifa mwaka 1907. Ndio mwaka uleule ambao almasi ya kwanza ilipatikana Kasai. Kwa dhahabu, karati ni usafi: dhahabu safi kabisa ni karati 24, na ile ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani asilimia 75. Nimesikia kwa masikio yangu muuzaji akimwambia kijana, «Hii pete ni karati 18,» na kijana akatoka akijisifu kwamba jiwe lake ni kubwa kuliko la wengine wote. Hakuna aliyesema uongo hapo. Neno moja lilifanya kazi mbili, na mmoja tu kati ya wale wawili ndiye aliyejua.

Baya zaidi ni neno «bandia». Siku hizi kuna almasi inayotengenezwa katika maabara. Si jambo jipya. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifaulu kuitengeneza mwishoni mwa 1954, kwa kubana kaboni chini ya mgandamizo na joto kubwa. Leo kuna pia njia ya pili, ya kukuza jiwe tabaka kwa tabaka kutoka katika gesi yenye kaboni. Kinachotoka ni kaboni ileile, yenye ugumu uleule wa 10 na mng'ao uleule. Sonara hawezi kuitambua kwa jicho, inahitaji mashine. Bei yake imeshuka sana katika miaka ya karibuni, hata jiwe linaloonekana sawa na la ardhini linauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya lile. Katika Marekani, tume ya serikali inayosimamia biashara iliondoa neno la maana ya «asilia» katika maelezo yake ya almasi mwaka 2018, ingawa muuzaji bado analazimika kusema wazi kwamba jiwe limetoka maabara.

Sisi tunaiita almasi bandia. Lakini bandia ni kitu kinachojifanya kingine. Kipande cha kioo ni almasi bandia. Zirkonia ni almasi bandia ikiuzwa kwa jina la almasi. Moisanaiti, ambayo ni muungano wa silikoni na kaboni na jina lake limetoka kwa mwanakemia Mfaransa Henri Moissan, nayo ni jiwe zuri na gumu lenye jina lake, ila si almasi. Tukizitia zote katika kapu moja la «bandia» tunafanya makosa mawili. Mwenye pesa kidogo anaikataa almasi ya maabara kwa aibu, akidhani ni kioo. Na mwenye kuuza zirkonia anapata mahali pa kujificha, maana mnunuzi hajui kwamba kuna aina za kutenganisha.

Ninapendekeza majina matatu, na ninaomba walimu wetu wa istilahi wayapinge kama wana bora zaidi. Almasi ya ardhini: iliyochimbwa. Almasi ya maabara: iliyotengenezwa, nayo ni almasi kweli. Jiwe mfano: zirkonia, moisanaiti, kioo na mengine yote yanayofanana na almasi. Mtu akiwa na majina haya matatu kinywani, muuzaji hana pa kupita. Anaulizwa, «Hii ni ipi kati ya tatu?» na analazimika kujibu au kukataa kujibu. Kukataa nako ni jibu.

Baada ya jina, ndipo hesabu. Kwa anayetaka almasi, ya ardhini au ya maabara, nimejifunza mambo machache ambayo yangenisaidia mapema. Wanaouza hupima vitu vinne: uzito, rangi, usafi na mkato. Mkato ndio unaolifanya jiwe ling'ae, kwa sababu unaamua kama mwanga unaoingia utarudi kwenye jicho au utapotelea chini. Mwenye pesa kidogo asipunguze hapo. Apunguze kwenye uzito, na apunguze kwa akili. Bei ya kila karati hupanda jiwe linapokuwa kubwa, na huruka ghafla kwenye namba za kupendeza kama 0.50 na 1.00, kwa sababu watu wanataka kusema «nusu» na «moja». Jiwe la 0.46 halitofautiani na la 0.50 machoni mwa mtu yeyote, ila mfukoni linatofautiana. Rangi hupewa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye manjano. Jiwe la G au H huonekana jeupe, na kwenye dhahabu ya manjano hata I haina shida. Kuhusu usafi, doa lisiloonekana bila lenzi ni doa la nani? Nani atakuja na lenzi kwenye arusi?

Na jiwe bichi la mfukoni, kama lile langu, tuliache. Hata lingekuwa almasi kweli, mimi si mtu wa kulinunua. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka kadi kwa anayechimba kwa mikono na kadi kwa anayenunua kwake, nami sina hata moja. Isitoshe, sehemu kubwa ya almasi ya Kasai ni ya viwandani, ya kusagia na kukatia, si ya kidole. Ile inayofaa kwa pete hukatwa mbali, hasa Surat huko India, na katika kukatwa hupoteza nusu ya uzito wake au zaidi. Jiwe bichi la karati moja haliwi pete ya karati moja.

Sasa nije kwenye swali ambalo limenisumbua kuliko bei. Mwenzangu mmoja, mtu mwenye akili ninayemheshimu, aliposikia mipango yangu alinijibu kwa hasira: «Kwa hiyo almasi itoke Kasai, ivaliwe Paris na New York, na sisi wana wa nchi tuambiwe tuvae jiwe la maabara au shaba? Umaskini mmeuita hekima.» Neno lake lina uzito. Nchi yetu imekuwa kwa miaka mingi kati ya zile zinazotoa almasi nyingi kuliko zote kwa wingi wa karati, na mwanafunzi wake hawezi kununua punje moja. Anayesema hilo ni jambo la kawaida amekwisha kuzoea jambo baya.

Lakini nilipolipima, niliona kwamba kununua kwangu hakumpi chochote yule anayechimba. Pete niliyoiona dukani haina asili inayojulikana. Cheti cha Mfumo wa Kimberley, ulioanza kufanya kazi 2003, hufuatana na mafungu ya mawe mabichi yanapovuka mipaka. Jiwe likishakatwa na kutiwa kwenye pete, cheti hicho hakilifuati tena. Tena kinaangalia almasi za waasi wanaopigana na serikali, hakiangalii kama mchimbaji alilipwa vizuri au kama alifukiwa shimoni. Sonara wa Lubumbashi hawezi kuniambia kama jiwe lake lilitoka Mbuji-Mayi, Botswana au Urusi. Hasira ya mwenzangu ni ya haki, ila haina budi kuelekezwa kwenye migodi, barabara, shule na malipo. Haiponi kwa mimi kukopa dola mia tano.

Na hata hiyo desturi tunayoitetea kwa nguvu hivi, tuijue umri wake. Pete ni ya zamani, na neno pete ni letu. Walingala nao wana lopete. Lakini kwamba uchumba lazima uwe na almasi, hilo limejengwa kwa matangazo. Kampuni ya De Beers, iliyoanzishwa 1888 huko Afrika Kusini, ilikuwa na mawe mengi na wanunuzi wachache baada ya mporomoko wa uchumi wa dunia. Mwaka 1938 ilikodi wakala wa matangazo wa Marekani, N. W. Ayer, na mwaka 1947 mwandishi wa wakala huo, Frances Gerety, akatunga ile kauli ya kuifunga almasi na umilele. Katika miaka ya 1980 matangazo yaliwafundisha Wamarekani kwamba mishahara ya miezi miwili ndiyo kipimo cha pete. Mwanafunzi asiye na mshahara wa mwezi hata mmoja atapimaje?

Sheria yetu yenyewe inazungumza vingine. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema uchumba ni ahadi ya ndoa, na haimlazimishi mtu kuoa wala kuolewa. Kifungu cha 361 kinataja kile tunachokiita hapa «mali», ambacho Waswahili wa pwani wanakiita mahari: vitu au pesa ambazo familia mbili zimekubaliana, na ndoa haifungwi kabla angalau sehemu yake haijatolewa. Pete ya almasi haimo. Anayemaliza pesa zake kwenye pete hufika mbele ya wakwe mikono mitupu, na wakwe ndio wanaotajwa na sheria.

Hilo nililielewa vizuri nilipokwenda kujijulisha kwa familia ya mchumba wangu. Baba yake alizaliwa Mbuji-Mayi, na katika ujana wake, uchimbaji wa mikono uliporuhusiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, alichimba kabla ya kuhamia huku. Nilijaribu kumweleza kwa upole kwamba pete itachelewa kidogo, nikaomba radhi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema: «Mutoto, miye nilichimbaka ile majiwe miaka ine. Siyaona ata moya ku kidole ya mwanamuke. Leta mbuzi ya mama yake, njo tutasikilizana.»

Watu wote wa nyumba walicheka, nami nikacheka. Baadaye, nikiwa kwenye basi, ndipo nilipokumbuka somo letu la Kibantu linganishi. Jina la mji ule wa almasi, kwa Kiluba, ni mbuzi na maji: mbuji, mayi. Dunia nzima inautaja kwa sababu ya mawe, na jina lake linataja mbuzi. Mzee hakuwa akitania.

Mchumba wangu nilimweleza yote, pamoja na dola hamsini, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kumweleza baba yake. Nilimuuliza kama atasikitika bila almasi. Hakunijibu ndiyo wala hapana. Aliniuliza, «Unataka nani ayione?» Nilitaka kusema «wewe», lakini nilijua si kweli. Nilitaka wenzangu wa fakulte waione. Nilitaka dada zake waione. Nilikuwa nanunua macho ya watu kwa pesa ambazo sina, na yeye alikuwa ameliona hilo kabla yangu.

Tulikaa na karatasi, tukaandika dola mia mbili zilizobaki. Mbuzi wa mama. Vitambaa. Usafiri wa mjomba wangu kutoka Likasi, maana hatuwezi kwenda kutoa mali bila yeye. Kwa pete zilibaki dola arobaini na kitu. Kwa fundi mmoja wa mjini tulipata pete ya fedha yenye kipande cha malakiti, jiwe la kijani la shaba yetu ya Katanga. Kasoro yake ninaijua, kwa kuwa yule mwenzangu wa jiolojia hakukosa kuitaja: malakiti ni laini, ugumu wake haufiki hata ule wa kioo, kwa hiyo itakwaruzika na haipendi sabuni kali. Mchumba wangu huivua anapofua nguo. Watu wakimuuliza ni jiwe gani, anasema «malakiti», wala haongezi neno.

Sisemi kila mtu anunue malakiti. Anayeweza kununua almasi ya ardhini bila deni, ainunue na aivae kwa furaha. Anayependa mng'ao wa almasi na mfuko wake ni mdogo, almasi ya maabara ipo na si aibu, mradi aiite hivyo mbele ya mchumba wake. Anayetaka moisanaiti au zirkonia, achukue, ila asiruhusu mtu amuuzie kwa bei ya almasi, na yeye mwenyewe asimwambie mkewe wa kesho kwamba ni almasi. Uongo mdogo wa pete una siku yake ya kugunduliwa, na siku hiyo hautaonekana mdogo. Na wote, tafadhali, tusikope. Nimewaona wawili walioachana kabla ya arusi kwa sababu deni la pete lilikula pesa ya mali, na familia ya msichana ikaona wanachezewa.

Kwa fakulte yetu nina ombi moja. Kila mwaka tunaandika kazi juu ya istilahi: za sheria, za afya, za kompyuta. Hakuna niliyoiona juu ya maneno ya soko la vito, katika nchi ambayo mamia ya maelfu ya watu wanaishi kwa mawe. Mchimbaji wa Kasai anayeambiwa na mnunuzi kwamba jiwe lake «lina kasoro» hana neno la kuulizia ni kasoro gani, ya rangi, ya usafi au ya umbo, na bei inashuka kwa sababu ya neno alilokosa. Mimi nilipoteza hamsini mara moja. Yeye hupoteza kila juma. Orodha ya maneno arobaini kwa Kiswahili, Kiluba na Lingala, iliyofanywa vizuri na kuchapwa kwenye karatasi moja ya kubandikwa ukutani, ni kazi ya mwaka mmoja ya mwanafunzi mmoja. Nimekwisha kumwomba msimamizi wangu aniruhusu nibadilishe mada.